Shairi Lisilo na Mizani

Msiniulize vina. Msiniulize mizani.
Mizani nimeishika miaka tisa
pale chama cha msingi, Kitangari.
Najua inavyodanganya.

Kilo mbili kila gunia.
Tuliziita unyaufu.
Korosho, tulisema, hunyauka njiani,
na mkulima akaitikia, "Haya, baba,"
akatia dole gumba kwenye wino wa zambarau,
akaenda kukopa salfa ya msimu ujao.

Siku ile foleni ilifika mpaka kwa fundi baiskeli.
Somoe Nankuta akaweka gunia.
Nikasoma: sabini na nane.
Hakupiga kelele. Aliuliza tu,
"Hizo mbili huwa mnazila na nini?"
Kisha akainama, akaliburuta gunia lake,
likachora mfereji kwenye vumbi
kutoka mizani hadi barabarani.

Foleni ikageuka. Mkia ukawa kichwa.

Nilicheka. Nikamwambia mwenyekiti:
watarudi Ijumaa, sare za shule zinawadai.
Ijumaa ilikuja peke yake.

Ghala likaanza kunirudishia sauti yangu.
Malori kumi na moja yakalala mikoroshoni,
madereva wakajifunza kuchimba ming'oko.
Mnada ukasomwa mbele ya viti:
bahasha ya kwanza, bahasha ya pili,
na wa kusema "tumekubali" hayupo.
Askari walipokuja walikuta watu wanapalilia.
Utamfunga mtu
kwa kosa la kutouza?

Msidhani ilikuwa tamu.
Juu huku maji ni ya kununua,
na ndoo haijui kama umegoma.
Dadi Hokororo aliuza usiku, kwa kangomba,
bakuli kwa bakuli, mtoto wake akiwaka homa.
Vijana wakataka kumchomea banda.
Somoe akawatangulia mlangoni, akakaa chini,
kisha akapita na pindo la kanga nyumba hadi nyumba:
mia, mia mbili, kibaba cha mtama.
Zahanati ikalipwa.
Tangu hapo Hokororo ndiye aliyelala njia ya ghala
asipite mtu.

Bei ikapanda. Mwenyekiti akaomba radhi
kwenye kipaza sauti kinachokoroma.
Nikadhani yamekwisha.

Kumbe mkono ukishajifunza kukataa
hausahau.
Ukakataa ushuru usio na stakabadhi.
Ukakataa karatasi ya kura yenye jina moja.
Mahuta wakaburuta magunia yao, Nanyamba wakaburuta,
hata mabwanani Lindi, wavuna chumvi
wakaiacha chumvi iloe mvua.
Mwaka wa sita, usiku wa kuhesabu,
mtangazaji alisoma majimbo
kwa sauti ya mtu aliyemeza kokwa,
na kulipokucha, serikali nzima
ilikuwa imetokea mlango wa uani.

Watu husema ilianza usiku ule.
Mimi niliuona mfereji.
Nilimwagiwa vumbi lake kwenye viatu.

Sasa chama kina uongozi mpya.
Walinirudisha kazini; sijui ni msamaha
au ni uhaba wa wajuao hesabu.
Na kila msimu, kabla ya gunia la kwanza,
Somoe huja na jiwe.
Sisi wa huku juu ni watu wa mchanga, mawe hatuna;
hili alilifuata Masasi,
akalipima zahanati, kilo kumi kamili,
analiviringisha kitenge kama mtoto.
Hulitua juu ya mizani. Mimi hanitazami.
Anatazama mshale.

Mwaka huu mwenyekiti alikasirika,
na mwenyekiti ni mwanawe wa kumzaa:
"Mama, hata sisi?"

"Hata ninyi."

Mshale ukatetemeka,
ukatafuta pa kusimama.
Nami, na miaka yangu tisa shingoni,
nikabana pumzi.